Cherehani ya mkono mrefu ikianza kurefusha mishono: tuanzie wapi

Jioni moja mama wa Kajjansi, nje kidogo ya Kampala, alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Fundi, mashine imerukwa na akili. Mshono mmoja kama punje ya mtama, unaofuata kama punje ya mchele, halafu unakuja mwingine sijui niuite nini." Alikuwa na mfarishi wa kitenge, lile tandiko la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, kwenye fremu, zawadi ya harusi, na harusi yenyewe Jumamosi. Nikamwambia, "Mama, usiguse skrubu hata moja. Kata kile kipande cha pembeni ulichojaribia, kitie kwenye kavera, mfuko wa plastiki, mpe mtu wa boda aniletee."

Kavera ilifika kwangu Kibuye, Kampala, chai yangu haijapoa. Nikakiinua kitambaa kwenye taa. Katikati ya kila mshono mrefu palikuwa na tundu tupu. Sindano ilishuka pale, ikatoboa, ikapanda bila kufunga uzi. Regulata, kile kifaa kinachosawazisha urefu wa mishono, ilikuwa imefanya kazi yake kama kawaida. Nikampigia: "Sindano umebadilisha lini?" Asubuhi ileile. Akaitazama upya, akakuta ameiweka imegeuka kidogo, ule mchongo wa nyuma hauelekei nyuma sawasawa. Akaikaza upya na kazi ikaendelea.

Naeleza kisa hiki kwanza kwa sababu wengi wanaoniita kuhusu regulata hawana shida ya regulata. Fundi naye akifika anafungua boksi la kontrola, ubongo wa mashine, moja kwa moja, maana boksi lina nyaya nyingi na mteja anaona kazi inafanyika. Kitambaa kinabaki kimelala kwenye fremu na majibu yake yote.

Regulata inajua nini

Cherehani ya kawaida ina meno chini ya futi, kile kiatu kinachokandamiza kitambaa. Meno hayo ndiyo yanayosukuma kitambaa na kuamua urefu wa mshono. Hii ya mkono mrefu haina meno. Kitambaa, pamba ya katikati na kitambaa cha chini vimetandazwa kwenye fremu, vimetulia. Kinachotembea ni kichwa cha mashine juu ya reli, wewe ukikiongoza kwa vishikio. Bila regulata, mkono ukikimbia mishono inarefuka, ukizubaa inarundikana.

Regulata hutegemea enkoda mbili. Enkoda ni kijigurudumu kilichosukumwa na springi kikagusa reli. Ndani yake mna kisahani chenye mistari myembamba na taa ndogo inayopenya katikati ya mistari hiyo. Kila mstari ukipita mbele ya taa, kontrola inapata pigo moja la umeme. Enkoda ya kwanza iko kwenye kigari cha chini na inapima mwendo wa kushoto na kulia. Ya pili iko pale kichwa kinapokalia kigari, inapima mwendo wa mbele na nyuma. Kontrola inaunganisha hesabu hizo mbili, inapata umbali uliotembea, kisha inaiamuru mota ipige sindano. Ukiweka mishono 10 kwa inchi, kila sehemu ya kumi ya inchi sindano inashuka mara moja.

Kwa hiyo regulata haioni kitambaa wala uzi. Haijui kama bobini imekwisha. Inachojua ni vijigurudumu viwili vinazunguka kiasi gani, basi.

Jaribio la karatasi

Kabla ya yote fanya hili. Toa uzi wa juu, toa na bobini. Chukua karatasi ya kaki, ile tunayokatia paterni, uibane kwa pini juu ya kitambaa chakavu kilichofungwa kwenye fremu. Chora kwa penseli mstari wa inchi 10 wa kwenda kulia, mwingine wa inchi 10 wa kwenda mbele, na mmoja wa mshazari. Halafu geuza sahani ya chakula juu ya karatasi, uchore duara. Weka mishono 10 kwa inchi, ufuate michoro yote kwa mwendo wa polepole. Karatasi hufubaza sindano, kwa hiyo tumia ile uliyokuwa unataka kuitupa.

Ibandike karatasi kwenye kioo cha dirisha. Matundu yakiwa yamepangika sawasawa kila upande, regulata yako ni nzima. Shida iko kwa sindano, uzi, au pale ndoano ya chini, inayonasa uzi, inapokutana na sindano. Matundu yakiwa yametawanyika, sasa ndiyo tuanze kuongea kuhusu regulata.

Kwa nini nisiangalie mishono yenyewe tu? Kwa sababu mishono inadanganya. Kuna mashine inayoruka mishono ukienda kushoto peke yake, na mtu akiona hivyo anasema, "Enkoda ya kushoto na kulia imekufa." Kumbe kichwa kikivutwa upande huo sindano inapinda kidogo, ndoano inaukosa uzi. Kwenye karatasi matundu yatakuwa kamili. Pia kitambaa laini kinaweza kulifunga tundu tupu usilione, karatasi haifungi.

Kama karatasi imeitoa regulata lawamani, angalia kwanza sindano: imekaa juu kabisa, imeelekea sawasawa, haijapinda? Mashine nyingi za aina hii hutumia sindano za mfumo wa 134, ambazo mafundi wa hapa wanaziita DP×5. Za dukani zinaingia vizuri, ila zilizotengenezwa kwa kazi ya kutembea pande zote zimeandikwa MR, na hizo hazipindi upesi. Kwenye kitenge cha nta kilichokaza, nambari 18 huwa inanipa raha kuliko 16. Tazama pia kama umevuta kitambaa kupita kiasi kwenye fremu. Pitisha kidole chini, ukisukume kitambaa juu. Mkono wa pili uweze kukishika kidole hicho kwa juu. Ukishindwa, legeza. Watu wanaokaza kama ngoma ndio wanaoruka mishono.

Mshono mbaya unafuata nini?

Karatasi ikishathibitisha kwamba ni regulata, ninajiuliza swali moja tu: ubaya huu unafuata nini? Unafuata mwelekeo, unafuata mahali kwenye fremu, unafuata kasi ya mkono, au unafuata saa? Jibu la swali hilo ndilo linaloniambia nianzie kwenye enkoda, kwenye reli, kwenye mota au ukutani kwenye soketi.

Ukifuata mwelekeo

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na duara la sahani ndilo shahidi. Ukipita juu kabisa na chini kabisa ya duara, kichwa kinakwenda kushoto na kulia. Ukipita ubavuni, kinakwenda mbele na nyuma. Basi kama matundu ni mazuri ubavuni lakini juu na chini yameachana mbali au hayapo kabisa, enkoda ya kushoto na kulia haisomi. Ikiwa kinyume, ni ile ya mbele na nyuma.

Mstari wa mshazari unathibitisha. Enkoda moja ikifa kabisa, kontrola inaona mwendo wa upande mmoja peke yake, kwa hiyo kwenye mshazari wa nyuzi 45 mishono inarefuka mara 1.41. Ulipotegemea 10 kwa inchi utahesabu 7. Ukihesabu 8 au 9, enkoda haijafa. Inateleza au inasoma kwa kusitasita.

Sasa zima mashine, chomoa waya ukutani, upige magoti na tochi. Ndiyo, magoti. Enkoda hazionekani ukiwa umesimama.

Tafuta uzi. Mashine ya kwanza ya aina hii niliyowahi kutengeneza, ya kikundi cha akina mama wa kanisa moja, niliifungulia boksi la kontrola nikakaa nalo siku mbili. Nilipima kila waya, nikakaza kila plagi, nikavunja na kishikio kimoja cha plagi nilichokuja kukilipia. Siku ya tatu msichana anayefagia chumba aliinama kuokota pini, akasema, "Fundi, hapa kuna kitu cheusi." Uzi mweusi, urefu wa kiganja, ulikuwa umejizungusha kwenye ekseli ya kijigurudumu ukakaza kama mshipi. Kilikuwa kinaburutwa juu ya reli badala ya kuzunguka. Nikautoa kwa kibano cha nyusi alichonikopesha yeye. Tangu siku hiyo kibano cha nyusi kimo kwenye mfuko wangu wa zana.

Kama hakuna uzi, angalia kama kijigurudumu kinagusa reli. Sukuma kichwa taratibu huku ukikitazama: kinapaswa kuzunguka muda wote, bila kusita. Springi ikichoka, au skrubu ya mabano ikilegea, kinaelea. Kinagusa leo, kesho hakigusi. Mashine iliyohamishwa nyumba kwa pikapu huwa na ugonjwa huu.

Kisha oringi, ule mpira mwembamba unaozunguka kijigurudumu ili kishike reli. Joto na miaka vinaukausha, unakuwa mgumu na kung'aa, unateleza. Ukiteleza, kontrola inapokea mapigo machache kuliko umbali uliotembea, mishono inarefuka upande huo. Ukilika ukawa mwembamba, kijigurudumu kinazunguka zaidi kwa umbali uleule na mishono inakuwa mifupi. Hapo hesabu inasaidia: kama mstari wa kwenda kulia umetoa matundu 100 kwa inchi 10 na wa kwenda mbele umetoa 108, usimlaumu mwanadamu, pima oringi.

Nilikuta mashine moja ambayo mwenyewe alikuwa amenunua oringi Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, kwenye spea za pikipiki, akaivisha. Ilikaa vizuri mno, imebana kabisa. Lakini ilikuwa nene kuliko ya mwanzo. Kijigurudumu cha milimita 20 kikawa cha milimita 22. Kila mzunguko sasa ulikuwa unafunika umbali mrefu zaidi kwa asilimia 10, mapigo yaleyale, kwa hiyo mishono ikarefuka kwa kiasi hichohicho: 91 mahali pa 100, na kwa upande mmoja tu. Maua yake yote yalikuwa na petali mbili nzuri na mbili za ovyo. Katwe hawana kosa. Katwe wanakupa ulichoomba. Nenda na kalipa, kile kipimo cha kubana, upime kipenyo cha nje cha oringi iliyo nzima ya enkoda nyingine, uombe hicho.

Vyote vikiwa safi na bado enkoda haisomi, badilishana plagi. Kwenye mashine nyingi enkoda zote mbili ni za aina moja. Piga picha kwanza ya nyaya zilivyo, mashine ikiwa imezimwa, halafu chomoa plagi za enkoda mbili uzibadilishane kwenye kontrola. Washa, rudia duara. Ubaya ukibaki kwenye mwelekeo uleule, enkoda au waya wake ndio mgonjwa. Ukihamia mwelekeo wa pili, mgonjwa ni kontrola au soketi yake, na hapo sasa boksi lina haki ya kufunguliwa. Ukitaka kutenganisha enkoda na waya, badilisha nyaya peke yake, kama zinachomoka pande zote mbili.

Mashine nyingine zina ukurasa wa majaribio kwenye skrini unaoonyesha namba zikipanda kila kichwa kinaposukumwa. Kama yako inao, utumie, unakuokoa magoti: sukuma inchi 10 kulia, soma, sukuma inchi 10 mbele, soma. Namba zinazorukaruka au kusimama zinakuambia lilelile.

Ukifuata mahali

"Kila nikifika karibu na mlango, inafanya hivyo." Sentensi kama hiyo huniokoa saa nzima. Enkoda mbovu ni mbovu kila mahali. Kitu kinachoharibika palepale kwenye fremu ni cha reli au cha waya.

Reli za fremu ya futi 10 au 12 mara nyingi huja vipande, zikaungwa. Pitisha ukucha juu ya maungio. Ukisikia ngazi, hata ndogo kiasi cha unene wa karatasi, kigari kinaruka pale na kijigurudumu kinaruka nacho. Legeza maungio, yapangilie, kaza upya. Pia kuna uchafu: Januari na Februari, vumbi jekundu linaingia hata dirisha likifungwa, linachanganyika na manyoya ya pamba na tone la mafuta lililodondoka, linakauka kuwa ukoko kwenye reli. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya hospitali. Usitie mafuta kwenye reli, na usipulizie dawa ya kulainisha kutu kwenye magurudumu hata kama jirani yako fundi wa pikipiki amekuapia. Reli yenye mafuta inamtelezesha kijigurudumu, na siku ya pili inakusanya vumbi mara mbili.

Waya ndio mbaya zaidi, maana hauonekani umeharibika. Nyaya za enkoda zinatembea na kichwa. Kama zimefungwa fupi mno, kila kichwa kikifika mwisho wa fremu zinavutwa, plagi inachungulia kwenye soketi yake, mapigo yanakatika. Kichwa kikirudi, plagi nayo inakaa sawa. Washa mashine, peleka kichwa mpaka mwisho, upande wa pili, mbele kabisa, nyuma kabisa, huku ukitazama nyaya wala si sindano. Zifunge upya zikiwa na mlegezo. Ukishuku waya umekatika ndani, usogeze kichwa pole kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiupapasa na kuukunja waya kidogokidogo. Mishono ikibadilika ukiwa umeshika mahali fulani, umelipata donda.

Ukifuata kasi

Hapa mara nyingi mashine haina kosa lolote. Tupige hesabu. Mashine inayopiga mishono 1,800 kwa dakika inapiga 30 kwa sekunde. Kwa mishono 10 kwa inchi, hiyo ni inchi 3 kwa sekunde, hakuna zaidi. Mkono wako ukikimbia inchi 4, mota haiwezi kuufikia na mishono itarefuka hata enkoda zikiwa mpya kabisa. Nyingi hulia kukuonya. Mteja mmoja alikuwa amezima mlio huo kwa sababu unamsumbua mtoto aliyelala, kisha akaniita kwamba mishono inarefuka kwenye mistari mirefu iliyopinda. Tuliuwasha tena. Mtoto alihamishiwa chumba kingine.

Ukiweka mishono 12 kwa inchi, kasi unayoruhusiwa inapungua zaidi, hadi inchi 2 na nusu. Wanaopenda mishono midogo waende pole.

Ila kama zamani mkono huohuo kwa kasi hiyohiyo ulikuwa unatosha na sasa hautoshi, kuna kitu kinaichelewesha mota. Zungusha gurudumu la mkono mashine ikiwa imezimwa: ni zito? Tafuta uzi uliojificha nyuma ya ndoano ya chini, weka mafuta pale kitabu cha mashine kinapoagiza, tazama mkanda wa mota kama upo na kama umelegea. Angalia na futi inayorukaruka. Ikishuka chini kabisa inatakiwa iuguse mfarishi kwa shida tu, pengo la kadi ya mwaliko. Ikikandamiza zaidi ya hapo inakwaruza kwenye kila ungio la vitambaa na kichwa kinakwama, kinaruka, kinakwama.

Na umeme, ambao una sehemu yake.

Ukifuata saa

Mashine inayoshona vizuri asubuhi na kuchanganyikiwa kuanzia saa moja jioni hainihitaji mimi kwanza, inahitaji kipimo cha volti. Hapa Uganda soketi inatakiwa kutoa volti 240. Jioni, kila jirani akiwasha jiko, pasi na televisheni, nimewahi kupima chini sana ya hapo, taa za chumba zikiwa zimefifia kama mishumaa. Soma kibandiko cha mashine. Kama kimeandikwa 100 hadi 240, usambazaji wake unavumilia mengi. Kama ni 120, maana yake imetoka Marekani na inasimama kwa hisani ya transfoma. Ikiingia 200 kwenye transfoma hiyo, kinachotoka ni 100, na mota inakuwa mlegevu. Stebilaiza nzuri inatibu hilo. UPS, ile yenye betri ya akiba, inasaidia zaidi, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya ua unapata dakika za kumaliza petali na kuzima kwa heshima.

Jenereta ndogo na inveta za bei rahisi zina shida yao: umeme wake ni mchafu, na kontrola nyingine inauchukulia uchafu huo kama mapigo ya enkoda. Ukishuku, jaribu karatasi kwa umeme wa kawaida, halafu kwa jenereta, ulinganishe dirishani. Sijaona hoja inayomshinda mteja kama karatasi mbili kwenye kioo kimoja.

Inashona yenyewe hujaishika

Hii inatisha watu, wanadhani ni majini. Kwanza hakikisha hukuchagua ile hali ambayo sindano huendelea kupiga polepole hata ukisimama. Mashine nyingi zina hali mbili za regulata: moja inasimama ukisimama, nyingine inaendelea kunguruma ili kona ziwe laini. Ya pili si ugonjwa. Simu mbili kati ya tatu za namna hii zinaishia hapo, na mteja ananiambia asante kwa aibu.

Kama uko kwenye hali ya kusimama na bado inapiga, achia vishikio, utazame kichwa kwa makini. Kinasogea? Sakafu za saruji za nyumba zetu zina mteremko ambao macho hayauoni, lakini kichwa chenye magurudumu mazuri kinauona mara moja. Kinateremka taratibu, enkoda inahesabu kwa uaminifu, na sindano inashuka. Leta pima maji, uiweke kwenye reli kwa urefu, kisha kwa upana kwenye kigari, ukaze au ulegeze miguu ya fremu mpaka kichwa kitulie popote unapokiacha. Baada ya mvua kubwa za Aprili, nyumba zenye sakafu juu ya kifusi huwa zinabadilika, kwa hiyo pima tena.

Kichwa kikiwa kimetulia kabisa na sindano inapiga, kitu kinatoa mapigo ya uongo. Feni iliyofungwa kwenye fremu inatikisa kijigurudumu kwenye ukingo wa mstari mmoja, mbele nyuma, mbele nyuma, iondoe. Soketi isiyo na waya wa ardhini nayo huleta hivyo, na nyumba nyingi za kupanga zina tundu la tatu lililo pambo tu. Mwite fundi umeme alipime, usilipuuzie, maana mbali na mishono linahusu na uhai wako. Mwisho, waya wa enkoda uliopita sambamba na waya wa mota, vimefungwa pamoja kwa urembo: vitenganishe.

Kona zenye fundo na mshono mrefu unaofuata

Ukifika kwenye ncha ya jani, mishono inarundikana, na ukitoka, mshono wa kwanza unakuwa mrefu. Karatasi itaonyesha hivyohivyo, lakini enkoda ni nzima. Mkono uliosita kwenye ncha unatetemeka, na kila mtetemo ni mwendo. Halafu unakivuta kichwa kwa ghafla, kizito kile, mota haijaamka. Wakongwe wa kazi hii huingia kwenye ncha na kutoka bila kusimama. Wageni hupata nafuu kwa ile hali ya kunguruma niliyoitaja juu. Kama mkono ni mzuri na bado kichwa kinahitaji kusukumwa kwa nguvu ili kianze, geuza magurudumu ya kigari kwa kidole moja moja. Lenye bapa au beringi kavu utalisikia, linagonga kama kokoto kwenye kiatu.

Vitanzi vya uzi kwenye mistari iliyopinda, upande wa chini, ni mvutano wa uzi, si regulata. Kaza, legeza, jaribu, usiniite.

Ukilazimika kuagiza

Enkoda ikishathibitika kufa kwa jaribio la kubadilishana, inabidi iagizwe. Mashine nyingi kati ya hizi zimetengenezwa Marekani, Iowa, Missouri, Utah na kwingineko, na mafundi wa huko hupokea simu. Piga saa kumi na moja jioni ya hapa. Missouri ni saa mbili au saa tatu asubuhi kulingana na msimu wao, wamefika tu kazini na bado wana subira.

Watakuuliza maswali kumi. Uwe na namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko, volti ulizopima soketini asubuhi na jioni, idadi ya matundu kwa inchi 10 kwa pande zote mbili, na uwaambie ulibadilishana plagi na ubaya ukabaki kwenye mwelekeo uleule. Watumie picha ya karatasi ya kaki ikiwa dirishani, duara lionekane lote, na uandike kwa kalamu pembeni upi ulikuwa upande wa mbele wa fremu. Mara ya mwisho nilisahau kuandika hilo, wakaniletea mabano ya enkoda ya upande mwingine, na ninayo bado kwenye droo.